Meli Kuukuu Iliyowavusha Watu wa Fizi

Huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, ukoo wa Meyer ulianza kuunda meli mwaka 1795. Siku hizi jina la ukoo huo limeambatana na meli za starehe, zile zinazozunguka visiwa vya Karibiani zikiwa na mabwawa ya kuogelea, kumbi za maonyesho na migahawa kila ghorofa. Mojawapo ya kubwa kabisa duniani, Icon of the Seas, iliundwa katika karakana ya Meyer iliyoko Turku, Finland, ikaanza kuchukua abiria Miami mnamo Januari 2024. Ina urefu wa mita 365. Ikijaa inabeba abiria 7,600, achilia mbali mabaharia na wahudumu.

Mwaka 1913 mafundi wa Papenburg walikuwa na kazi nyingine mikononi, chombo cha mita 71 tu. Ukivipanga vitano vya aina hiyo, kimoja nyuma ya kingine, ndipo unapoikaribia Icon. Kiliundwa, kikafunguliwa kipande kwa kipande, kikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, kikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni kwenda Kigoma. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg walifuatana nacho ili wakiunganishe upya. Kilishushwa katika Ziwa Tanganyika tarehe 5 Februari 1915, vita vya dunia vikiwa vimeshawaka, kikapewa jina la gavana wa zamani wa Wajerumani, Graf von Götzen. Hiyo ndiyo meli ambayo Kigoma, Baraka na Uvira wanaijua kwa jina la Liemba.

Visa vyake vya vitani vimeandikwa sana. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nene ili kutu isiile. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, wakaifanyia matengenezo, na Mei 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Mwandishi Mwingereza C. S. Forester alichota humo riwaya yake ya mwaka 1935, *The African Queen*, na mwaka 1951 ikatengenezwa filamu. Kwa miaka mingi wageni walifunga safari kutoka Ulaya ili tu wakanyage sitaha yake.

Kinachoandikwa kwa nadra ni habari za familia zilizokaa ndani ya meli hiyo, na ndani ya mwenzake MV Mwongozo, si kwa ajili ya kutalii. Na katika mwambao wote wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, hakuna watu wenye sababu kubwa ya kuzikumbuka meli hizo kama watu wa Fizi.

Eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, ni kubwa, lina sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Makao yake, Fizi yenyewe, yako juu milimani. Baraka iko chini, ufukweni, ndani ya ghuba ambayo ramani zinaiita ya Burton, kwa jina la Mwingereza aliyepita huko kwa mtumbwi mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke wakitafuta chanzo cha Nile. Upande wa pili wa ghuba umejinyoosha Ubwari, ulimi mrefu wa nchi kavu ambao Burton alidhani ni kisiwa. Ubwari umeungana na bara kwa upande wa kusini, na ncha yake, Rasi Banza, inaelekea kaskazini. Kwa hiyo chombo kinachotoka Kigoma hakiendi Baraka moja kwa moja. Kinakata ziwa kwenda kaskazini-magharibi, kinaizunguka Rasi Banza, kisha kinageuza pua kusini na kuingia ghubani. Ukipima kwa rula kwenye ramani ni kilomita mia moja hivi. Majini ni zaidi.

Barabara ipo, ile namba 5 inayotoka Uvira, ikapitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, ikapanda Fizi na kuendelea kusini hadi Kalemie. Mvua ikinyesha mito ya kutoka milimani huikata. Mvua ikikoma vizuizi vya watu wenye silaha vinabaki. Ndiyo maana mtu wa Baraka anapofikiria safari, jicho lake linageukia maji kwanza. Sukari, saruji, sabuni, magodoro na petroli vinakuja kwa boti za mbao kutoka Kibirizi, ufukwe wa Kigoma ambako boti za Kongo hupakia. Kutoka huku huenda mawese, mihogo na ndagala waliokaushwa. Abiria hawana nafasi yao. Wanakaa juu ya mizigo, na ukingo wa boti iliyoshiba uko kiasi cha mkono mmoja tu juu ya maji. Chini yao, katika sehemu zake za kina kirefu, ziwa hili linashuka mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina.

Hata wanamapinduzi wa kimataifa walivuka hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara na Wacuba wenzake wa kwanza walitoka Kigoma kwa boti ndogo wakatua Kibamba, katika mwambao wa Fizi, kuja kuwasaidia waasi wa mashariki. Novemba mwaka huohuo walirudi kwa njia ileile, wameshindwa. Laurent-Désiré Kabila alibaki na wafuasi wake katika milima hiyo kwa miaka mingi baadaye, na boti za usiku zikaendelea kuwa mshipa wao wa damu kati ya Fizi na Kigoma.

Mwaka 1996 walioingia botini walikuwa wenyeji wenyewe. Vita vya kumwangusha Rais Mobutu vilipopita Uvira na kushuka kusini, vijiji vizima vya Wabembe viliingia majini. Waliokuwa na mtumbwi walipiga kasia. Waliokuwa na fedha walilipa boti. Wengi waliuza walichokuwa nacho ufukweni ili wapate nafasi. Upande wa Tanzania wakapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Novemba mwaka huo huko Kasulu, na Lugufu, iliyofuata mwaka 1997.

Hapo ndipo Liemba inapoingia katika habari za familia hizi. Mobutu alipoondoka mwaka 1997, watu walitaka kurudi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likaikodi meli hiyo. Kwa miezi mitano ilikwenda mara 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Ukigawanya, ni watu zaidi ya 3,000 kila safari, katika meli ambayo kwa kawaida huchukua abiria 600. Idadi hiyo haielezeki bila kufikiria kila sehemu ya meli, kuanzia sitaha za juu hadi shimo la mizigo, ikiwa imefunikwa na watu na mafurushi yao. Mkono wa mtu ulikuwa mahali pa kulaza kichwa cha mtoto wa mwenzake. Na bado ilikuwa afadhali kuliko boti.

Agosti 1998 vita vikaanza upya. Mwishoni mwa mwaka huo yakatokea mauaji ya Makobola, na waliokuwa wametoka tu kupanda mihogo yao wakarudi majini, wengine kwa mara ya pili ndani ya miaka miwili. Safari hii wakakaa. Ilikuwa Oktoba 2005 ndipo misafara ya kuwarudisha kwa hiari ilipoanza tena, na sasa meli iliyowachukua ilikuwa Mwongozo, ikielekea Baraka yenyewe.

Tuitazame familia moja ya watu saba, isiyotajwa jina kwa sababu ingeweza kuwa yoyote kati ya zilizopanda: bibi, baba, mama na watoto wanne. Bibi ni mwenyeji wa Ubwari, amezaliwa mahali ambapo mawimbi yanasikika kutoka kitandani. Baba alikuwa mvuvi. Lakini watoto watatu wadogo wamezaliwa Lugufu, mwendo mrefu wa gari kutoka Kigoma, katikati ya miti. Ukoo wao wote umeishi kwa ziwa, wao hawajapata kuliona. Wanajua samaki kwa kununuliwa vipande sokoni kambini. Habari za maji wanazo kwa masimulizi ya bibi, na kwa mpangilio wa watu wenye ndoo bombani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo safari ya meli iliwafanyia watoto kama hao ni kuwaonyesha kwao. Lori linashuka mlima wa Kigoma, maji yanatokea kwa mbele, ya buluu hadi mwisho wa macho, na hakuna ng'ambo. Milima ya Kongo hufichwa na ukungu siku nyingi. Huonekana vizuri baada ya mvua kuosha anga. Mtoto anaambiwa kwao ni huko. Anatazama, haoni kitu.

Bandarini wanasubiri majina yasomwe. Kila familia ina karatasi yake, na mizigo imefungwa kwa kamba za katani na kuandikwa namba. Familia za kurudi hazikuacha kitu: baiskeli, viti vya mbao, mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya kambini, masufuria yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, kuku aliyefungwa miguu. Mlango hasa una maana. Huko Baraka nyumba imebomoka au imechomwa. Ukuta utajengwa kwa udongo na miti ya bure, lakini mbao zilizopigwa randa na bawaba za chuma ni fedha.

Ngazi ya kupandia inatikisika. Bibi anavua ndala, anazishika mkononi, kwa sababu hataki kuteleza kwenye chuma. Ndani kuna joto na harufu mbili zisizotoka hata meli ioshwe vipi: dizeli na dagaa. Miaka ya kubeba magunia ya samaki imezama kwenye rangi ya kuta. Mama anatafuta kona yenye ukuta upande mmoja, anatandika mkeka, anapanga mizigo kuwa mpaka, na dakika chache baadaye ile kona imekuwa nyumba. Jirani wa kushoto ametoka Mboko, wa kulia Kazimia. Kabla meli haijang'oa nanga wamekwisha kuulizana koo, wakagundua ujamaa wa mbali, na watoto wakaambiwa, "Mwamkie shangazi yenu."

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya meli ndogo na ile miji inayoelea ya Miami. Katika chombo kama hiki hakuna mahali pa kupotelea. Mtoto akichepuka, atarudishwa na mtu ambaye hamjui mama yake kwa jina ila anamjua kwa kitenge. Baharia anayepita na kopo la grisi anaulizwa habari za upepo, anajibu. Nahodha anaonekana. Jikoni kunasikika, ukikaa upande wa upepo unajua kama ni wali au ugali kabla sahani haijafika.

Halafu injini inawaka. Kwa aliyezoea boti ya Kibirizi, sauti hii ni ngeni: haipigi kelele juu, inatetemesha chuma chini ya nyayo, mpaka kwenye meno. Watoto wanalala sakafuni kifudifudi ili waisikie kwa tumbo. Baba yao, ambaye tangu asubuhi hakusema mengi, anasimama ukingoni, ameshika bomba la reli. Reli hiyo ndiyo kitu ambacho mtu wa ziwa anakitambua haraka kuliko vyote. Iko kiunoni, ni ya chuma, na maji yako mbali chini yake. Wakati wa kukimbia, miaka tisa nyuma, alikuwa akiyagusa maji kwa kiwiko, akichota yaliyoingia kwa bakuli la plastiki, na hakuthubutu kuhama upande mmoja kwenda mwingine boti isije ikapinduka. Sasa anaweza kutembea. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda tena. Mtu mzima anayetembeatembea hivyo bila shughuli angechekwa kijijini, lakini humu kila mwanamume anafanya vivyo hivyo.

Choo kipo. Wanawake wanaolijua ziwa hili hawahitaji kuelezwa uzito wa sentensi hiyo. Katika boti ya mbao, safari ya usiku kucha kati ya wanaume na magunia ni mateso yanayoanza tangu jana yake, mwanamke anapojinyima kunywa maji. Katika meli hizi kuna mlango unaofungwa kwa komeo, hata kama foleni ni ndefu na sakafu imelowa. Kuna mahali pa kumlaza mjamzito. Kuna orodha ya abiria, kwa hiyo likitokea la kutokea, mtu atajulikana kwamba alikuwemo.

Giza likiingia taa za wavuvi zinawashwa. Ndagala huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa kuvutwa na mwanga, na kwenye giza totoro karabai zinaenea juu ya maji mpaka mtu asiyejua anadhani kuna mji. Watoto wa Lugufu walidhani ni Baraka. Baba anawaeleza kazi ya zile taa, nyavu hushushwaje, samaki hupandaje, na kwa mara ya kwanza wanamsikia akizungumza kama mtu mwenye ujuzi wake, maana kambini kazi aliyoijua haikuwa na mahali.

Asubuhi Rasi Banza iko kushoto. Bibi ameamka kabla ya wote. Vijiji vya Ubwari vinapita kimoja kimoja, na wazee wanavitaja kwa sauti, wakirekebishana. Pale palikuwa na kanisa. Pale palikuwa na mwembe. Ghuba inatulia, mawimbi ya ziwa kuu yanabaki nje, na Baraka inajitokeza ikiwa na mabati machache na watu wengi ufukweni. Kuna kituo cha mapokezi, kuna turubai, mablanketi, majembe, chakula cha kuanzia. Watoto wanashuka katika nchi ambayo ni yao kwa karatasi, na wanaisikia lugha ya nyumbani ikizungumzwa na watu wasiowajua.

Si wote walirudi. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, lakini Nyarugusu bado ina Wakongo hadi sasa, na maelfu wengine walipelekwa kuanza maisha Marekani. Nyuma ya safari za meli kulibaki koo zilizogawanyika sehemu tatu, na dada mmoja aliyeko Fizi anaweza kuwa na kaka Kasulu na mdogo wao katika mji wenye theluji. Halafu mambo yakageuka. Mei 2015, Warundi walipokuwa wanaikimbia nchi yao, makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima mkali na ziwa, kipindupindu kikiwa kimeshaingia. Liemba ikaitwa tena, ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma kwa mamia, safari baada ya safari. Ilikuwa imetimiza miaka 100 ziwani. Mwaka huohuo Warundi wengine walikimbilia upande wa Kongo, na kambi yao ya Lusenda ikafunguliwa katika ardhi ya Fizi. Waliopokelewa juzi wakawa wenyeji wa kupokea.

Katika miaka ya amani Liemba ilikuwa na kazi yake ya kawaida kusini. Ilikuwa ikiondoka Kigoma Jumatano, ikafika Mpulungu, Zambia, Ijumaa, ikipita vijiji zaidi ya kumi ambavyo havina gati. Honi inapigwa, hata kama ni usiku wa manane. Boti zinatoka ufukweni zikikimbizana, zinajibana ubavuni, mlango wa pembeni unafunguliwa, na kwa muda wa nusu saa pale panakuwa soko, kituo cha basi na uwanja wa mieleka kwa pamoja. Wanaoshuka wanarushia mizigo wanaopanda. Mtoto anapitishwa kutoka mikono hadi mikono juu ya maji meusi. Winchi ya mbele inashusha nyavu za magunia. Watalii wa daraja la kwanza, katika vyumba vyao vya vitanda viwili na dirisha la duara, huamka na kutoka na kamera. Familia za daraja la tatu hukaa chini na kushika vitu vyao.

Wageni hao walikuwa na bahati, na hakuna ubaya wowote kumwona mtu akifurahia meli nzuri. Jambo linalouma ni kwamba masimulizi yao hujaa sifa za uzee wa chombo: kutu, mbao zilizopauka, kengele ya kale. Kwa mtu wa Baraka uzee si sifa wala si kasoro. Anachouliza ni kama meli itakuja, lini, na imebeba kiasi gani.

Na maswali hayo ndiyo yanayoamua nani afike. MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, ilikuwa haijafikisha miaka 20. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa imeanza kazi mwaka 2004. Iliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Huku kwetu, Desemba 2014, chombo kilichobeba jina la mto wa Fizi, Mutambala, kilipinduka usiku kwa upepo katika maji ya Kalemie, kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu wasiopungua 129 wakafa. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama Ziwa Kivu ikiwa karibu kufika Kituku, Goma, huku watu wa ufukweni wakitazama. MV Bukoba na MV Nyerere hazikufikia hata nusu ya umri wa Liemba wakati wa ajali. Kilichowaua watu ni mzigo uliozidi, ukaguzi ambao haukufanyika, na serikali zilizoacha njia ya maji ijiendeshe.

Meli ya mwaka 1913 imedumu kwa sababu imetengenezwa kila ilipohitaji. Mitambo ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 ikafungwa ya dizeli, na miaka ya 1990 ikafanyiwa matengenezo mengine makubwa. Mwaka 2018 ikasimama Kigoma kusubiri matengenezo mapya chini ya kampuni ya meli ya serikali ya Tanzania, ambayo pia ndiyo yenye Mwongozo. Kazi hiyo imechukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa na watu wa mwambao, na kwa kipindi hicho chote vijiji vya kusini vimerudi kwenye boti za mbao, yaani mahali ambapo Baraka iko siku zote.

Maana Baraka, tangu misafara ya wakimbizi ilipokoma, haijapata meli ya abiria inayofika kwa ratiba kutoka Kigoma. Hili linastahili kusemwa kwa sauti. Ziwa lilivukwa kwa meli ya chuma, yenye reli, choo na orodha ya abiria, wakati watu walipokuwa wakimbizi na mtu mwingine akilipa nauli. Walipokuwa raia, wenye biashara na harusi na wagonjwa wa kupeleka hospitali, wakaachiwa boti. Mama anayepeleka mawese Kigoma leo anakaa juu ya madumu yake usiku kucha, na mtoto mgongoni, katika maji yaleyale.

Kinachohitajika kinajulikana. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Dodoma na Kinshasa zimekaa meza moja, na biashara kati ya Kibirizi na Baraka inaendelea bila kusubiri hotuba. Baraka inahitaji gati ambalo halitamezwa maji yakipanda, kwa kuwa mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za mwambao kuanzia Uvira hadi Kalemie. Inahitaji ofisi ya forodha na ya uhamiaji isiyomgeuza kila msafiri kuwa chanzo cha fedha, na mkaguzi mwenye uwezo wa kuizuia boti iliyojaa isiondoke. Na kampuni ya meli ya Tanzania itakapoandika ratiba mpya ya Liemba, inaweza kuongeza safari moja ya kaskazini-magharibi hata mara mbili kwa mwezi. Watoto wa Lugufu waliolala kifudifudi kwenye sakafu ya chuma sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Wengi wao wanafanya biashara katika soko la Baraka, na nauli wangelipa wenyewe.